Shemeji ananiuzia iPhone, dukani wananipa ya mkopo, na laini si yangu

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni fundi cherehani hapa Morogoro, nina mume na watoto wawili. Naomba ushauri wako kuhusu simu, maana kila ninayemuuliza ana simu ya kuniuzia.

Ninayotumia sasa ni Android ndogo ya zamani, ina GB 16 tu za ndani. Kioo kimepasuka pembeni, nikipiga picha mbili tatu inaniambia nafasi imejaa, na kuna wakati inajizima katikati ya maongezi. Zamani nisingejali. Siku hizi wateja wangu karibu wote wananitumia mishono kwa WhatsApp, vipimo vyao viko humo humo kwenye meseji, na advansi wananitumia M-Pesa. Juzijuzi mteja wa sare za harusi alinitumia picha ya mshono, ikagoma kufunguka, nikaona aibu kumsumbua tena, nikashona shingo kwa kukisia. Nguo alichukua. Yeye hajarudi.

Nikapita kwenye duka moja la simu mjini. Kijana wa pale akanionyesha simu mpya, kubwa, nzuri. Akasema kwa taslimu ni shilingi 360,000, lakini sina haja ya kujitesa: natoa kianzio 60,000 naondoka nayo leo, halafu nalipa 1,600 kila siku kwa mwaka mmoja. "Hiyo si hela ya chipsi tu mama?" Tena napewa laini mpya yenye bando la bure la miezi 12. Nilipouliza mkataba uko wapi, akasema uko kwenye simu, nitaukubali humo humo wakati wa kusajili. Alitaka namba ya NIDA, picha yangu, na namba za watu wawili wa karibu.

Nilipomwambia mume wangu, akampigia mdogo wake aliyeko Kariakoo anayeuza simu za mtumba. Shemeji akasema nisikubali kuingizwa mkenge, yeye ananiletea iPhone XR safi kabisa kwa 520,000. Nimpe 240,000 niliyonayo, iliyobaki nitamlipa taratibu. Mume wangu amefurahi, anasema fundi mwenye iPhone anaheshimika na picha za nguo zake zitatoka vizuri.

Sasa kuna jambo ambalo ndilo linaninyima usingizi. Laini ninayotumia haina jina langu. Ile 2020 laini zilipokuwa zinafungwa, kitambulisho changu cha NIDA kilikuwa hakijatoka, basi shemeji huyo huyo akaweka kidole chake, laini ikasomeka kwake. Namba ya NIDA nilishaipata baadaye lakini hili la laini sikulishughulikia. Mteja akinilipa anaona jina la mwanaume asiyemjua, wengine wananipigia kuuliza kama wametapeliwa. Shemeji hajawahi kunidhulumu hata senti. Ila nikiikataa simu yake, naogopa itakuwaje.

Kipato changu hakina mpangilio. Desemba, Januari kwa sare za shule, na karibu na Idi napata vizuri. Katikati hapo kuna wiki nzima kazi ni kupunguza suruali tu. Kwenye mchezo wetu zamu yangu ni miezi miwili ijayo, nitapokea 150,000. Nichukue ipi? Na hilo bando la bure ni bure kweli? Halafu nitafute yenye 5G au 4G inatosha?

Fundi wa Morogoro


Marahaba mwanangu.

Naanza na hilo la laini, na nitakaa hapo kidogo, kwa sababu kati ya yote uliyoandika ndilo pekee linaloweza kukupotezea hela ambazo tayari ni zako.

Kwa kampuni ya simu, mwenye namba hiyo ni shemeji yako. Wewe hujulikani. Yeye akiingia kwenye duka la mtandao huo, akasema laini imepotea, akaweka kidole, anapewa kadi mpya yenye namba ile ile, na ya kwako inakata mtandao hapo hapo. Akisema amesahau namba ya siri ya M-Pesa anasaidiwa, maana ndiye anayetambulika. Sisemi atafanya hivyo. Ulivyomweleza ni mtu mwema, nami namchukua hivyo hivyo. Lakini mtu mwema naye anaumwa, anasafiri, anafariki. Likitokea la kutokea, salio lililomo linahesabiwa mali ya marehemu, na wewe ndiye utakayesimama mbele ya msimamizi wa mirathi kueleza kwamba ile ilikuwa advansi ya sare za harusi.

Upande wake pia kuna hatari, na hili ndilo litakalokusaidia kulianzisha. Namba hiyo ikihusishwa na utapeli wowote, hata kama ni mtu amekuibia simu na kuitumia vibaya, polisi wanaanza na jina lililosajiliwa. Wateja wako wanaopiga kuuliza kama wametapeliwa, siku moja mmoja wao hatapiga kwako, ataenda kituoni.

Usijione uko peke yako. Tarehe ya mwisho ya kusajili laini kwa alama za vidole ilikuwa 31 Desemba 2019, ikasogezwa hadi 20 Januari 2020, na foleni za NIDA za kipindi kile hakuna asiyezikumbuka. Nyumba nyingi zilikuwa na mtu mmoja mwenye kitambulisho, basi wote wakasajiliwa kwa kidole chake. Waliorudi baadaye kurekebisha ni wachache.

Kinachotakiwa ni kuhamisha umiliki. Mnakwenda wote wawili kwenye duka la huduma kwa wateja la mtandao wenyewe, kila mmoja na namba yake ya NIDA na kidole chake. Kijana wa mwavuli barabarani achana naye kwa shughuli hii. Shemeji yuko Dar, wewe uko Moro, na najua kumpata mtu wa Kariakoo aache duka ni kazi. Wewe ndiye uende, siku unayofuata vitambaa. Kwa treni ya SGR unakwenda na kurudi siku hiyo hiyo. Kabla ya kwenda, toa salio lote, au lihamishie kwa mumeo, ubakize kidogo tu. Ukishamaliza, piga *106# kwenye simu yako uone laini zilizosajiliwa kwa namba yako ya NIDA. Naye apige yake. Atashangaa ni wangapi bado wanatembea na jina lake.

Sasa sikiliza mpangilio, maana hapa ndipo penye akili. Hili la laini lifanyike kwanza, kabla hujasema chochote kuhusu iPhone. Usiahidi kuinunua, usiikatae. Ukiulizwa, sema bado unajipanga, na ni kweli bado unajipanga. Na asiongee wewe, aongee mumeo, kwa sababu ndugu ni wake na wewe ni shemeji wa watu. Maneno hayana haja ya kuzunguka: "Bwana mdogo, shemeji yako ameshapata NIDA. Wateja wanaona jina lako wanadhani ni matapeli, na likitokea la kutokea watakutafuta wewe. Wiki ijayo anakuja kufuata mzigo, mpitie dukani mkahamishe." Hakuna tuhuma humo. Mtu asiye na nia mbaya atashukuru kupunguziwa mzigo.

Akianza kupiga chenga, leo nina kazi, kesho nitakwambia, usigombane naye. Nunua laini mpya kwa kidole chako mwenyewe. WhatsApp ina sehemu ya kubadilisha namba, unaingia kwenye mipangilio, upande wa akaunti, inahamisha akaunti yako yote na kuwataarifu utakaowachagua. Bandika namba mpya mlangoni pa kibanda, iandike kwenye kila risiti ya mteja, na ile ya zamani iendelee kupokea simu tu kwa miezi kadhaa. Fedha isiingie tena huko. Na iwe laini ya zamani au mpya, washa uthibitishaji wa hatua mbili kwenye WhatsApp leo, ni namba sita unazichagua mwenyewe. Bila hizo, mwenye laini anaweza kuifungua WhatsApp yako kwenye simu yake kwa kupokea meseji moja.

Tuje kwenye iPhone.

XR ni simu nzuri, nisiiseme vibaya. Imetoka 2018. Apple walipotoa iOS 26, yaani mfumo unaoendesha iPhone, mwaka 2025 walianzia iPhone 11, kwa hiyo XR imeishia iOS 18. Haitazima kesho, na WhatsApp yako itafanya kazi, kwa sababu tangu Mei 2025 kwa iPhone wanataka iOS 15.1 kwenda juu. Lakini unanunua simu ambayo mtengenezaji wake ameshaanza kuiaga, kwa bei inayozidi simu mpya. Betri yake ilipokuwa mpya kabisa ilikuwa mAh 2,942, hicho ni kipimo cha chaji inayobeba. Simu nyingi za Android za bei ya kawaida zinazouzwa sasa zina 5,000. Wewe unashinda kibandani, umeme una tabia zake, na simu ndiyo kaunta yako ya malipo. Tena haina pa kuweka memori kadi. Kama ni ya GB 64, baada ya mwaka wa picha za mishono na video za magrupu ya familia utakuwa umerudi pale pale kwenye "nafasi imejaa".

Ila nisingeichukua hata kama ingekuwa iPhone mpya, kwa sababu ya ile 280,000 itakayobaki. Deni la shemeji halina riba, ni kweli. Lakini linakuja na wewe kwenye kila harusi na kila msiba wa ukoo. Na simu ikianza kuchemka au kamera ikafa mwezi wa pili, utamdai nani garantii? Utamwambiaje kijana aliyekusajilia laini miaka yote hiyo kwamba kakuuzia simu mbovu? Dukani ungerudi na risiti na kupandisha sauti.

Mumeo akikaza kamba, basi angalau XR hiyo ije Moro uishike kabla hela haijatoka. Chomeka laini yako yenyewe. Ikitakiwa kile kikaratasi cha R-SIM chini ya laini ndipo ishike mtandao, ujue ilifungwa na kampuni ya huko ilikotoka, na siku yoyote inaweza kugoma. Akaunti ya mwenye awali iwe imetolewa, uingie kwa akaunti yako mwenyewe hapo hapo, usikubali "hii iCloud tutaitoa baadaye". Ingia kwenye mipangilio ya betri usome afya yake. Chini ya asilimia 80 unanunua na betri mpya juu yake. Kwenye ukurasa unaoitwa About, simu yenyewe inaweza kusema kama betri si ya asili. Jaribu na kufungua kwa uso, maana ikishaharibika hiyo, mafundi wengi hawaiwezi.

Ya mkopo sasa. Kijana kakupigia hesabu ya chipsi kwa sababu hesabu ya mwaka ungekimbia. Elfu moja mia sita mara siku 365 ni 584,000. Weka kianzio 60,000, unapata 644,000 kwa simu ya 360,000. Umeongeza 284,000. Na usiigawanye kwa 360,000, kwa sababu ulichokopeshwa hasa ni 300,000, kianzio ulilipa mwenyewe. Unakopa laki tatu unarudisha karibu laki sita, tena kuanzia siku ya kwanza unapunguza. Kikoba chenu kikimtoza mwanachama hivyo mtavunja kikundi.

Simwambii kila mtu aikimbie simu ya mkopo. Bodaboda anayepokea abiria kwa programu, anashika hela kila siku, na bila simu hana kazi leo hii, anaweza kuona inamlipa. Wewe hela yako inakuja kwa misimu. Kwenye ile wiki ya kupunguza suruali, 11,200 inatakiwa ipatikane hata kama hakuna mteja. Isipopatikana, simu inajifunga. Programu ya kuifunga imekaa ndani kabisa, kuifuta simu na kuianzisha upya hakuiondoi, na fundi atakayekwambia anaiondoa kwa elfu ishirini anakutafutia kesi. Simu ikifungwa ndani yake kuna vipimo vya watu, mishono ya watu, na mteja anayesubiri jibu. Ni tofauti na kudaiwa kodi ya kibanda, ambako mwenye nyumba unaweza kumbembeleza.

Halafu mkataba wa kukubaliwa "humo humo". Omba wautume kwenye WhatsApp yako uusome nyumbani. Wakisema hauwezekani, jibu umepata. Humo unatafuta mambo machache: jumla utakayolipa mpaka mwisho iandikwe kwa tarakimu, ukilipa mapema unapunguziwa au hapana, simu ikiibwa mwezi wa tatu unaendelea kulipa au kuna bima, na anayekukopesha hasa ni nani, duka, kampuni ya simu au mtu mwingine, na kama ana leseni ya Benki Kuu. Hili la mwisho si la kupuuza. Novemba 2024 BoT ilitaja programu 69 za mikopo ya mtandaoni zilizokuwa zikifanya kazi bila kibali. Na zile namba mbili za watu wa karibu, uliza zinatumika lini na kwa nini. Tunajua namna watu wanavyopigiwa simu wakwe zao kwa deni la elfu kumi. Kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, wana wajibu wa kukueleza, nawe una haki ya kuuliza.

Ila hebu tuweke hesabu zako mezani. Una 240,000. Mchezo unakuletea 150,000 baada ya miezi miwili. Jumla 390,000. Simu ile ile ya dukani kwa taslimu ni 360,000, na 30,000 inabaki ya kava na protekta. Simu unayoitaka unaiweza bila shemeji na bila mkopo, kinachokusumbua ni miezi miwili tu. Nami nadhani miezi miwili hiyo unaweza kuivuka na simu uliyonayo, ukiipunguzia mzigo.

Leo jioni kaa nayo. Ingia WhatsApp, mipangilio, sehemu ya hifadhi, itakuonyesha ni mazungumzo gani yanakula nafasi. Nakuhakikishia juu kabisa utakuta grupu, pengine la ukoo au la kwaya, limejaa video za watu wasiokuhusu. Futa hizo. Zima upakuaji wa picha na video unaojifanya wenyewe, ziwe zinafunguka unazozigusa tu, na bando nalo litapumua. Kama simu ina tundu la memori kadi, ya GB 32 itakusaidia kwa picha. Washa pia nakala rudufu ya WhatsApp kwenye akaunti yako ya Google, ili siku ya kuhamia simu mpya mazungumzo yasibaki huku. Halafu nunua kaunta buku, uhamishie vipimo vyote vya wateja kwa kalamu. Fundi ambaye vipimo vyake viko kwenye meseji za simu inayojizima ananitia hofu kuliko huo mkopo.

Simu ya kununua, usianze na jina. Anza na GB 128 za ndani, na RAM, ile kumbukumbu ya kuendeshea programu, ya 4GB ya kweli. Nasema ya kweli kwa sababu ya ujanja mmoja ulioenea: boksi limeandikwa 8GB kwa herufi kubwa, ukisogeza macho chini kuna maandishi madogo, 4GB + 4GB. Hiyo nne ya pili imekopwa kutoka kwenye nafasi ya kuhifadhia, haifanyi kazi sawa na RAM. Sitashangaa kama hata hiyo ya 360,000 ni hivyo. Si kosa, ila ujue unacholipia. Tecno, Infinix na itel zote ni za kampuni moja, Transsion, na matengenezo yao ya garantii yanapitia Carlcare, kwa hiyo usipoteze usingizi ukizishindanisha, linganisha namba za kwenye boksi. Samsung mara nyingi inakupa RAM kidogo kwa bei hiyo hiyo, lakini wanaahidi kuihudumia kwa muda mrefu. Galaxy A16 waliiahidi masasisho ya miaka sita. Ukiikuta ndani ya uwezo wako, mimi ningeichukua hiyo.

Kamera usidanganywe na megapikseli. Nenda dukani na kipande cha kitenge chenye rangi kali na nguo moja yenye mshono wa mkono. Piga picha ndani ya duka, kisha toka mlangoni upige tena kwenye mwanga. Ivute picha uangalie uzi. Ukiuona uzi na rangi imebaki vile vile, kamera hiyo inakufaa. Wateja wako wanataka kuona shingo na pindo, na kwa picha hizo hakuna atakayejua umepiga na simu gani.

Ukiwa hapo hapo piga *#06#, namba za IMEI, yaani za utambulisho wa simu, zitokee, uzilinganishe na za kwenye boksi tarakimu kwa tarakimu, halafu uitume moja kwenda 15090, utajibiwa ni simu ya aina gani. Jibu likitaja jina tofauti na lililoko mgongoni mwa simu, irudishe. Waliokuwa na simu feki Juni 2016 TCRA ilipozizima wanajua ninachosema. Weka laini yako, piga simu, jirekodi sauti, chomeka chaji. Muuzaji anayesema "ukifungua boksi umenunua" mwachie boksi lake.

Bando la bure liko kwenye ile 644,000, mwanangu. Uliza ni GB ngapi kwa mwezi, zisipotumika zinaisha au zinaendelea, na ziko kwenye laini gani. Ziko kwenye laini mpya, ambayo mteja wako hata mmoja haijui. Hata hivyo simu nyingi zinachukua laini mbili, kwa hiyo kama siku moja utapata laini yenye bando rahisi, iweke ya pili kwa ajili ya intaneti, na fedha zibaki kwenye ya kwanza. Kabla ya kuchagua bando, angalia kwenye mipangilio ya simu umetumia MB ngapi mwezi uliopita. Wengi wanaonunua bando la siku kila asubuhi wakijumlisha wanakuta la mwezi lingewatosha na chenji. Na ukishahamisha umiliki, ukiona mtandao wako hapo kibandani unasuasua, unaweza kuhamia mwingine na namba yako ile ile. Huduma hiyo ipo tangu 2017.

5G waachie wanaotazama mpira kwenye simu. 4G inakutosha sana.

Siku ya kununua nenda asubuhi kabla duka halijajaa, mumeo akusindikize. Risiti iwe ya EFD, muuzaji aandike na IMEI kwenye kadi ya garantii. Piga picha vyote viwili ujitumie kwa barua pepe kabla hamjapanda daladala.

Shangazi